Kabla hamjatupaka jeli, tuulizeni kwanza

Mhariri,

Mbukwenyi, ndo salamu yetu huku Dodoma. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hizi mashine za altrasaundi wanazotutibia shingo na mgongo, najua huwa mnataka barua fupi ila hii yangu itarefuka kidogo mnisamehe, mkiona imezidi kateni mnapotaka lakini ile sehemu ya mdada aliyekuja na kiuno naomba msiiguse.

Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo, mwaka wa 19 huu nashona. Nguo za shule ndo hela yangu kubwa, sketi za marinda, mashati, kaptula, yani kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka shule zifunguliwe mwezi wa kwanza mimi silali, nakata mchana nashona usiku, wazazi wenyewe mnawajua wanaleta kitambaa tarehe tano na mtoto anaanza darasa la kwanza tarehe nane. Sasa msimu wa mwaka juzi shingo ikagoma. Niliamka asubuhi nataka kugeuka kumwangalia mtoto nikashindwa, ikabidi nigeuke mwili mzima kama kabati. Nikadhani nimelala vibaya tu. Siku ya tatu bado, wiki bado, mabega yamepanda juu yamekaza kama mtu amenifunga kamba, ukibonyeza hapa juu ya bega kuna kitu kama jiwe, na maumivu yanapanda mpaka kisogoni kichwa kinagonga.

Nilifanya yote ambayo na wewe ungefanya. Panadol, dawa ya kuchua ile inayowasha mpaka macho yanatoa machozi, bibi mmoja jirani yangu akanikanda kwa maji ya moto na chumvi jioni tatu mfululizo (Mungu ambariki, hakuchukua hata mia). Nikikandwa nalala vizuri, asubuhi nikikaa kwenye cherehani masaa mawili tu linarudi lile lile.

Ndo nikaliona bango. Nyie mnaokuja Dodoma mtakuwa mmeyaona, siku hizi nguzo haikosi, TUNATIBU SHINGO MGONGO NYONGA NA GANZI KWA MASHINE YA KISASA YA MAWIMBI, chini namba ya simu na neno OFA limeandikwa kwa wino mwekundu. Jina la mahali sitalitaja, sijaandika ili nimfungie mtu biashara, na wako wengi wanaofanya vile vile. Nikaenda. Mapokezi kuna binti mzuri ananiita mama, kanikaribisha vizuri, kaniuliza panauma wapi nikaonyesha shingo, akaandika SHINGO kwenye kadi, akasema mara moja ni elfu ishirini na tano ila ukichukua kifurushi cha mara kumi ni laki mbili. Kifurushi! Kama bando la intaneti vile. Nikapiga hesabu za sketi ngapi hizo, nikalipa. Hapo Mhariri naomba uone kwamba mpaka hela inatoka mkononi mwangu hakuna mtu aliyekuwa amenishika shingo wala kuniambia hebu geuka kulia tuone.

Jioni nikampigia mama mkwe yuko Bahi kumsalimia, nikamwambia mama leo nimefanyiwa altrasaundi. Kimya kidogo, afu nasikia kigelegele. "Hongera mwanangu, miezi mingapi?" Mimi nina miaka 44 na kitinda mimba wangu yuko darasa la sita! Nikamweleza ni ya shingo mama, sio tumbo, akasema shingo nayo inafanyiwa altrasaundi, wanaangalia nini humo. Mtaani nako hivyo hivyo, wiki nzima wateja wananiangalia tumbo wakati napima nguo. Tulicheka sana, ila hicho kicheko kikumbukeni nitakirudia.

Na kwa kweli swali la mama mkwe lilikuwa zuri kuliko alivyojua, maana hata mimi nilidhani wanaangalia kitu. Kumbe hawaangalii. Ile ya wajawazito inatuma sauti kidogo kidogo na kusikiliza mwangwi unaorudi, ndo inachora picha ya mtoto. Hii ya shingo haichori chochote, inatuma sauti iingie ndani ya nyama ibaki humo igeuke joto basi. Sauti yenyewe huisikii, sikio la mtu linaishia mitetemo kama elfu 20 kwa sekunde na hii inatetema milioni 1 au milioni 3. Ndani ya kile kichwa cha mashine kuna kipande cha kristali, ukikipitishia umeme kinatetema, hiyo tabia ya kristali na umeme walianza kuigundua ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Baadae wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Mfaransa mwingine, Paul Langevin, akaitumia kutafuta nyambizi baharini, wakaona samaki waliosogelea karibu wanakufa, ndo watu wakaanza kujiuliza hii sauti inafanya nini kwenye mwili. Haya yote nimekuja kuyajua baadae, pale nilipolipia hakuna aliyenieleza, nilipouliza inafanyaje kazi niliambiwa "inavunja vunja mama, we tulia".

Ukilala wanakupaka jeli, ya baridi hiyo unashtuka, kisha kijana anachukua kile kichwa anakizungusha shingoni taratibu. Jeli sio dawa, mimi nilidhani ndo dawa yenyewe nikawa nasema wasinifute vizuri ili iingie. Kazi yake ni kutoa hewa kati ya ngozi na mashine, maana sauti hii ikikutana na hewa karibu yote inarudi ilikotoka. Ile ya milioni 1 inazama sentimita 3 mpaka 5 hivi, ya milioni 3 inaishia juu juu, sentimita 1 au 2.

Sasa mimi nitaisema kifundi ili mafundi wenzangu waelewe. Chukulieni pasi. Pasi ukiisimamisha sehemu moja unaunguza kitambaa, na hii mashine ndo hivyo, kichwa kikisimama sehemu moja joto linajaa hapo, ukisikia kama mfupa unauma kwa ndani ujue amesimama, sema. Lakini pasi hiyo hiyo ukiipitisha shuka zima kwa dakika moja umenyoosha nini? Hujanyoosha kitu umeipapasa tu. Sehemu inayotoa mawimbi kwenye kile kichwa sio kubwa, mara nyingi kama kifuniko cha soda, na wataalamu wanasema ndani ya dakika 5 mpaka 10 inafaa ifanye eneo kama mara mbili ya ukubwa wake tu, kama kweli unataka nyama ya ndani ipate joto la kutosha, yani nyuzi 40 na kitu. Mimi nilifanyiwa shingo yote, mabega yote mawili, mpaka katikati ya mgongo, dakika tano, mkono mmoja mashine na mkono mwingine simu. Kijana wa watu simlaumu sana, labda ndo alivyofundishwa, lakini hiyo laki mbili ilikuwa inaniuma kuliko shingo.

Nafuu nilipata? Nilipata! Lazima niseme ukweli. Nikitoka pale najisikia mwepesi, nalala. Mpaka siku ya mara ya nne.

Siku hiyo jua kali, dirisha liko wazi mwanga wa kutosha, kijana anazungusha mashine yake mimi nimelala kifudifudi nasikia raha, nikamwambia mwanangu leo umenipatia kweli kweli. Kuna baba mmoja kwenye kitanda cha pili anasubiri zamu yake akasema, "Mama, umeme umekatika kitambo, si unaona feni imesimama." Nikainua kichwa. Feni imesimama kweli. Kijana naye anaangalia mashine, taa zote zimezima. Tuliangaliana watatu sisi hakuna aliyesema kitu, afu yule baba akaanza kucheka na mimi nikacheka mpaka shingo ikauma upya.

Nimecheka lakini njiani kwenye bajaji nikawa nawaza. Sasa kilichonipa raha ni nini? Binti yangu anasoma unesi hapa UDOM, nilipomsimulia akasema mama hilo mbona linajulikana, akaja na simu yake jumamosi akanisomea. Mwaka 1986 Uingereza walichapisha utafiti wa watu waliong'olewa magego ya mwisho, uvimbe wa shavu ulipungua hata kwa waliopitishiwa mashine ikiwa imezimwa, mradi wao hawajui. Yani mkono wa mtu, kulala, kuhudumiwa, kuamini unatibiwa, vyote hivyo vinatibu kiasi chake. Mimi sioni aibu hapo, bibi jirani na maji yake ya chumvi alikuwa ananipa hicho hicho, tofauti yeye hakuwa na bei ya kifurushi.

Ila kilichonitoa pale sio umeme. Ni mara ya sita. Akaja mdada kijana, miaka ishirini na kitu, anashika kiuno, kaandikiwa kadi yake KIUNO, kalipa, kalala kifudifudi kwa tabu tabu, jeli imeshapakwa. Mimi ni mama mtu mzima na umbea wangu ninao, nilimwona alivyopanda kitandani, nikamuuliza kwa sauti ya chini mdogo wangu samahani, huna kitu tumboni? Akasema, "Nina miezi mitatu dada, kwani vipi?" Mhariri, sikuwa nimesoma chochote wakati huo, niliuliza tu kwa sababu ya mama mkwe na kile kigelegele chake. Kijana akasimamisha mkono. Kwa bahati naye alilijua hilo, akasema ah ah dada kwa mjamzito hii hatufanyi kiunoni wala tumboni, akamfuta jeli. Alijua! Kumbe anajua, ila kwenye ile kadi hakuna mahali pa kuuliza. Kuanzia mapokezi mpaka kitandani hakuna aliyemuuliza yule mdada swali ambalo mtaa mzima wa Majengo uliniuliza mimi bure.

Na sio ujauzito peke yake. Mashine hii haipitishwi juu ya uvimbe wa saratani, wala kwenye jicho, wala kwenye mguu wenye damu iliyoganda, wala juu ya kifaa cha kuendesha moyo, wala sehemu iliyokufa ganzi kwa sababu hutasikia ukiungua, na watoto wanaokua wasipitishiwe kwenye ncha za mifupa. Shingo nayo ni nyuma na pembeni nyuma kwenye misuli, sio mbele huku kooni kwenye tezi na mishipa mikubwa ya damu. Haya ni maswali ya dakika mbili, kadi ingekuwa na mistari sita tu ingetosha.

Basi nikaacha. Nikaenda hospitali ya serikali, nikapanga foleni asubuhi mpaka saa sita, nikapelekwa kwa mama mmoja wa fiziotherapia (hawa wanaotibu misuli na viungo kwa mazoezi), mtu mzima, miwani kwenye pua. Nikamsalimia shikamoo nikakaa nikasubiri jeli. Jeli haikuja. Akaniambia vua kitenge cha begani, akasimama nyuma yangu ananiangalia tu, muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya. Geuka kulia. Geuka kushoto. Angalia juu. Akanishika misuli mmoja mmoja, akanibana vidole akasema kaza nisivitoe, akanigonga na kinyundo kwenye kiwiko na goti. Afu maswali, uliwahi kuanguka au kupata ajali ya bodaboda, una homa, unakohoa, unatoka jasho usiku, umepungua mwili, mkono unakufa ganzi au vitu vinakudondoka mkononi, miguu inakuwa mizito ukitembea, mkojo unaushikilia vizuri? Nikamwambia mama mimi nina shingo tu. Akasema najua, nauliza ili nijue kama ni shingo tu, kuna watu wanakuja hapa na shingo kumbe ni TB ya mifupa ya uti wa mgongo, na shingo ikikakamaa na homa kali hata kwangu usije, nenda moja kwa moja kwa daktari.

Kisha akauliza swali ambalo sitalisahau. "Unashonea umekalia nini?"

Nikasema stuli. Ya urefu gani? Nikaonyesha kwa mkono. Na meza ya cherehani? Nikaonyesha. Akachukua kiti akaniambia hebu kaa kama unashona pindo, nikakaa nikainama kama kawaida yangu, akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe akanionyesha. Mhariri nilishtuka. Yani pua iko kwenye sindano. Mgongo upinde. Akasema kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, ni kama dumu la mafuta la lita tano, sasa likiwa limekaa juu ya mabega sawa halisumbui, ila ukilining'iniza mbele misuli ya nyuma ndo inalishika kama mtu ameshika dumu kwa mkono ulionyooshwa. Kuna daktari wa Marekani mwaka 2014 alipiga mahesabu akasema ukiinama nyuzi 60 mzigo kwenye shingo unakuwa kama kilo 27. Zaidi ya nusu mfuko wa simenti, msimu mzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita usiku! Akaniambia mama hata nikikupitishia mashine mpaka jioni kesho unaenda kubeba simenti yako tena.

Mashine anayo. Iko kwenye kona, imefunikwa kitambaa cheupe. Nikamuuliza mbona hutumii, akasema naitumia mara moja moja kwa mtu nikiona sababu, kuna tatizo la bega lenye chokaa iliyojijenga kwa ndani na kuna la mshipa wa fahamu wa kiganja unaobanwa, huko imeonyesha kitu. Kwa shingo kama yako nisingekutoza hela kwa hiyo.

Binti yangu akatafuta na hilo, akakuta mwaka 2001 kuna wataalamu walikusanya tafiti 35 za hii mashine za miaka 25 hivi, wakachuja zile zilizofanywa kwa umakini zikabaki 10, na kati ya hizo 10, nane zilikuta mashine ikiwashwa na ikizimwa mgonjwa haoni tofauti, mbili ndo zilikuta inasaidia, na hizo mbili ni bega la chokaa na kiganja, yani yule mama alisema kama anasoma kitabuni. Denmark mwaka 1998 walichukua watu wenye vile vifundo vya shingo na mabega, ndo kama langu lile jiwe, wengine wakapewa mashine ya kweli na wengine ya uongo, wote wakachuliwa na kufanya mazoezi. Vifundo vikapungua kwa wote, mashine haikuongeza kitu, walichopata kilitokana na kuchuliwa na mazoezi. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2016 umewaambia kabisa wahudumu wasiwape watu wa maumivu ya kiuno hii tiba, ingawa huo ni wa kiuno sio shingo nisije nikachanganya mambo. Kwa shingo zipo tafiti ndogo ndogo zilizoona nafuu kidogo, kwa hiyo sisemi ni utapeli, nasema laki mbili yangu ingekaa vizuri sehemu nyingine.

Na ile sehemu nyingine haikunigharimu karibu chochote. Seremala wa jirani alinikatia miguu ya stuli inchi mbili, elfu mbili. Miguu ya nyuma ya meza ya cherehani tukaiwekea vipande vya mbao ili meza iniinamie kidogo, nione sindano bila kuifuata. Taa nikaishusha karibu. Pindo za mkono na vifungo silazi tena kwenye mapaja, naweka mto juu ya mapaja kazi inapanda yenyewe. Na kila nikimaliza bobini moja ya uzi nasimama, nazungusha mabega, hiyo niliibuni mwenyewe kwa sababu kuangalia saa nasahau ila bobini ikiisha huwezi kusahau.

Mazoezi yalikuwa matatu. La kwanza unarudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu kinachonuka puani, unashikilia, unaachia, mara kumi. La pili unaweka kiganja kwenye paji la uso unasukuma na kichwa kinakataa, kisijongee, unahesabu mpaka kumi, halafu pembeni kulia, kushoto, na nyuma kisogoni. La tatu ndo nalipenda, unachukua tyubu ya baiskeli ya zamani unaikata, unaifunga kwenye nondo za dirisha, unavuta viwiko vinarudi nyuma mpaka mabega yanabanana huku mgongoni. Kila baada ya wiki unaivuta kwa nguvu zaidi. Wanangu walinicheka mama unavuta dirisha litoke. Wiki ya kwanza niliumia zaidi nikataka kuacha nikarudi kumwambia, akasema punguza idadi usiache. Wiki ya sita nilikuwa navuka barabara pale sokoni nikageuza shingo kuangalia bajaji, nikafika ng'ambo ndo nikagundua nimegeuka. Nilisimama pale kama mjinga natabasamu peke yangu.

Najua mtu atasema labda ingepona yenyewe. Inawezekana, shingo nyingi za aina hii hupungua zenyewe wiki zikipita, na mimi sikuwa na mtu pacha wangu wa kulinganisha naye. Lakini Finland walilinganisha, wanawake 180 wanaofanya kazi za ofisini wenye shingo za muda mrefu, mwaka mzima, matokeo yakatoka 2003, waliokuwa wanafanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega walipungukiwa maumivu kuliko waliopewa ya kujinyoosha na ushauri tu. Wa ofisini na kompyuta, sisi na cherehani, wote vichwa vinaning'inia. Na hapa Dodoma siku hizi hao wa ofisini wamejaa, tangu serikali ihamie ndo wateja wapya wa hayo mabango, nashona sare zao na suti zao naona mabega yalivyo, ukimpima mtu bega moja limepanda unajua huyu simu anaibana na shingo.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu. Wenye hizo huduma sijasema wafunge, mtu akilegezwa na joto akapata usingizi hata mimi namwonea wivu. Ila wasiuze mara kumi kabla ya kumshika mgonjwa shingo. Wauze moja, wamwangalie, wamuulize, na kama baada ya mara mbili tatu hakuna mabadiliko wamwambie. Anayeshika mashine asishike simu. Na kwenye kadi yao waongeze ile mistari sita, wa kwanza uwe wa ujauzito. Wizara ya Afya iko hapa hapa Mtumba, sio mbali na hizo nguzo, na wao shingo zinawauma wanapita wanayasoma hayo mabango. Na gazeti lako lina ukurasa wa afya, mtafuteni mtu wa fiziotherapia atuandikie mazoezi kwa picha, wengi hatuna bima wala nafasi ya foleni mpaka saa sita, na mafundi, mama wa ndoo za maji na madereva wa bajaji ni wasomaji wenu.

Nilirudi mara moja kudai hela ya zile mara nne zilizobaki. Yule binti wa mapokezi, kwa adabu zote, akaniambia mama kifurushi hakirudishwi ila naweza kumpa ndugu yangu amalizie. Nikamwambia ndugu yangu gani, hamtamuuliza hata jina. Kadi ninayo bado, ngumu nzuri, viboksi sita vina tiki na vinne vitupu, nimeikata pembeni mikato miwili naizungushia uzi wa vifungo.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma